Mwaka 1915 binti huyu alimpita Chaplin kwa kura. Leo hata kwao hawamjui. Kilimkuta nini?

#1 Kinyozi wa Makorora
Wakuu, salaam.

Jana umeme ulikatika saluni, mteja kichwa nusu, mimi nikabaki na simu. Katika kupekuapekua nikakutana na Alma Taylor. Mzaliwa wa London, 1895. Alianza kuigiza 1907 akiwa na miaka 12, enzi za sinema bubu, kwa mzee mmoja aitwaye Cecil Hepworth aliyekuwa na studio Walton-on-Thames, nje kidogo ya London.

Kufika 1910, 1911 hivi, yeye na mwenzake Chrissie White wakawa watoto watundu wa mfululizo wa filamu za Tilly. Moja nimeitazama: wanaondoka na gari la zimamoto, halafu wanawamwagia maji wazimamoto wenyewe. Hakuna fundisho wala nasaha mwishoni, ni utukutu mtupu. Nimecheka peke yangu gizani.

Sasa hapa ndipo niliposhangaa. Mwaka 1915 gazeti la mashabiki, Pictures and the Picturegoer, likapigisha kura ya mwigizaji bora wa Kiingereza. Alma wa kwanza, Charlie Chaplin wa pili. Chaplin huyu huyu wa fimbo na viatu vya kupanuka.

Leo mtaje Chaplin kwa mtoto yeyote hapa mtaani, atakutembelea kibata. Mtaje Alma Taylor uone. Kwa nini? Naomba kuwasilisha.

#2 Pweza Mkavu
Nimetandika mkeka. Ngoja waje wenye sinema zao.

#3 Fundi Projekta
Mleta uzi, mada nzuri ila rekebisha mawili.

Moja, Chaplin hakuwa wa pili, alikuwa wa tatu. Wa pili ni Elisabeth Risdon. Na kura ile ilikuwa ya waigizaji wa Kiingereza tu, kwa hiyo Mary Pickford na nyota wenzake wa Marekani hawakuwamo.

Pili, Tilly wa kwanza kabisa mwaka 1910 alikuwa Unity More. Alma na Chrissie walimpokea kijiti, na ndio waliodumu.

Jibu la swali lako kwangu ni jepesi: picha zake hazipo. Kampuni ya Hepworth ilifilisika 1924. Mfilisi hakuwa na haja na sanaa, alitaka hela. Negativu, yaani mikanda ya asili ya kuchapia nakala, zikauzwa zikayeyushwa. Filamu za zamani zilikuwa na fedha ndani yake, fedha ile ile ya kutengenezea pete, na hata utepe wenyewe ulikuwa na wanunuzi. Kazi ya zaidi ya miaka 20 ikaenda kwa bei ya chuma chakavu. Chaplin picha zake zimebaki. Mtu ambaye picha zake zimepikwa utamkumbuka kwa lipi?

#4 Kinyozi wa Makorora
Nimepokea marekebisho, mkuu. Wa tatu basi. Inazidi kuniuma.

#5 Ras Kibandani
Kumbe steringi huwa anakufa, na anayemuua ni mfilisi! 😂

Ila Fundi hilo la kuyeyusha msilishangae sana. Mjomba wangu alikuwa na kibanda umiza, mikanda ya VHS imejaa ukuta mzima. Ilipokuja DVD alianza kurekodia harusi za watu juu ya ile mikanda. Unakuta bwana harusi anakata keki, ghafla Mchina anaruka ukuta. Hakuna aliyeona ni hasara. Vitu vya zamani vinakuwa na thamani vikishaisha.

#6 Omosh 254
Fundi, hapo umeanza hadithi kutoka mwisho. 1924 ni mazishi, ugonjwa ulianza kitambo.

Vita vya 1914 vilipoanza, wanaume wakaenda mitaroni na studio za Uingereza zikapungukiwa watu na vifaa. Wamarekani wakaendelea kupiga picha kama kawaida. Tena kwao picha ilikuwa imesharudisha gharama nyumbani, kwa hiyo London wangeuza kwa bei yoyote. Katikati ya miaka ya 1920, picha za Kiingereza ndani ya majumba ya sinema ya Waingereza wenyewe zilikuwa kama asilimia 5 tu! Novemba 1924 studio zilikaa giza wakaiita Novemba Nyeusi. Serikali ikalazimika kutunga sheria 1927 kwamba kila jumba lionyeshe sehemu fulani ya picha za nyumbani.

Chaplin alifanya nini? Alikuwa ashavuka bahari. 1916 anatia sahihi na kampuni ya Mutual, dola 670,000 kwa mwaka. Alma amebaki Walton na mzee Hepworth. Hapo unauliza swali gani tena?

#7 Bi Mwanakombo
Ahsanteni kwa darasa. Mie nina dukuduku dogo. Kama kazaliwa 1895, mwaka 1911 ana miaka 16. Kwetu Unguja huyo ni mwali, si mtoto. Mnamwita mtoto kwa hisabu ipi?

#8 Pweza Mkavu
Bibi kaja na kikokotoo.

#9 Wakili wa Mtaa
Bi Mwanakombo ana hoja. Ukiondoa ile miaka ya mwanzo, 1907 hadi 1909, Alma kwenye Tilly ni binti mkubwa anayecheza udogo. Nguo fupi, nywele zimeachiwa, mbio za kitoto. Watazamaji wa wakati ule walijua hivyo na ndipo utamu ulipokuwa: binti wa umri wa kufundwa adabu za mezani anaruka madirisha.

Kwa upande wa sheria, Uingereza ilitunga sheria 1889 ya kuzuia ukatili kwa watoto. Chini ya miaka 7 marufuku jukwaani, 7 hadi 10 mpaka kibali cha mahakama. Ilitungwa watu wakifikiria majukwaa, sinema ilikuwa bado haijazaliwa. Na shule tangu 1899 ilikuwa lazima mpaka miaka 12 tu. Ilipandishwa kuwa 14 kwa sheria ya 1918. Kwa hiyo Alma alipoanza na miaka 12 hakuna aliyeona ajabu. Wenzake walikuwa viwandani au wanafua nguo za watu. Ile kwake ilikuwa ajira, tena yenye hewa safi.

#10 Mwanakwetu Surrey
Nimesoma jina Walton-on-Thames nikashtuka, maana napita hapo kila siku kwenda kazini. Nahudumia wazee.

Studio haipo. Kuna barabara inaitwa Hepworth Way, magari tupu na maduka. Jengo lililokuwa na mitambo ya umeme ya studio ndilo limebaki, sasa ni ukumbi wa maigizo na umepewa jina la Hepworth. Nimepita mbele yake zaidi ya mwaka nikidhani ni kanisa.

Leo zamu ya asubuhi nimemuuliza bibi mmoja ninayemwogesha, kapita tisini, kazaliwa hapa hapa: "Unamjua Alma Taylor?" Akanitazama akasema, "Ndiye muuguzi mpya?"

#11 Ras Kibandani
😂😂😂 Nimemwaga chai.

#12 Binti Pangani
Naona wanaume mnagombania kampuni na vita. Mimi naangalia namna watoto walivyochukuliwa pale.

Studio ya Hepworth ilikuwa kama duka la familia. Picha ya Alice katika nchi ya ajabu ya 1903, iliyokuwa ndefu kuliko zote Uingereza wakati ule, kama dakika 12, Alice ni May Clark, msichana aliyeajiriwa mle studio. Siku nyingine utamkuta anasaidia kutengeneza mapambo. Mke wa Hepworth kacheza sungura na malkia. Hepworth mwenyewe kavaa chura.

Halafu 1905 ile ya mbwa Rover anayemwokoa mtoto aliyeibwa. Mtoto ni binti yake Hepworth, Barbara, bado mchanga. Mama ni mke wake. Mbwa ni wa nyumbani, jina lake Blair. Yaya ni yule yule May Clark. Waigizaji wa kulipwa ni wawili tu. Gharama yote pauni 7, shilingi 13 na peni 9! Ikauzwa nakala karibu 400, negativu ikachakaa, wakairudia upya mara mbili, hivyo jumla imepigwa mara tatu.

Katika picha hizo majina ya waigizaji hayakuandikwa. Mtazamaji hakujua anamtazama nani. Mpaka tabia ya kuandika majina inashika kasi, Alma ameshakuwa "yule binti wa Hepworth". Mtu anayejulikana kwa jina la bosi, bosi akianguka anaanguka naye.

#13 Pweza Mkavu
Na mbwa alilipwa?

#14 Binti Pangani
Mbwa ndiye anayekumbukwa kuliko wote, Pweza. Hilo ndilo jibu la uzi kama ungekuwa unasoma.

#15 Fundi Projekta
Binti Pangani umenigusa kwenye la bosi. Niongezee, ingawa linapunguza hoja yangu ya mwanzo.

Hepworth hakupenda kukata picha. Wenzake Marekani wanaruka uso, mkono, mlango, uso tena. Yeye anataka picha ififie polepole, kisha nyingine iingie polepole. 1916 alimpa Alma picha ya Comin' Thro' the Rye. 1923 akairudia, hadithi ile ile, binti yule yule, kwa mwendo ule ule wa konokono. Mashamba mazuri, mwanga mzuri, lakini dunia imeshahamia kwingine. Mwaka uliofuata kampuni chali. Ya 1916 haipo, ya 1923 ipo. Niliitazama mpaka mwisho na ninapenda vitu hivi, ila nilisinzia mara mbili.

#16 Omosh 254
Kwa hivyo hata zingebaki hakuna mtu angetazama. Shukran kwa kunisaidia.

#17 Fundi Projekta
Sikusema hivyo, usinitie maneno mdomoni. Ile ya zimamoto inatazamika leo bila maelezo. Ni dakika chache na ina mbio. Kilichosinzisha ni alipokuwa mkubwa na kuvalishwa huzuni.

#18 Wakili wa Mtaa
Omosh kasema Chaplin alivuka bahari, Alma akabaki. Wapo watoto wa Kiingereza waliovuka. Willy Sanders, mtoto wa Liverpool, alichukuliwa na kampuni ya Éclair ya Ufaransa kuanzia 1911, akawa "Little Willy", picha kwa makumi. Sababu ilikuwa ushindani. Gaumont walikuwa na mtoto wao anaitwa Bébé, anawaingizia hela kwelikweli, Éclair nao wakatafuta wa kwao. Hakuna sauti, kwa hiyo Mwingereza kuwa kipenzi cha Paris haikuwa tatizo. Uso hauna lafudhi.

Yule Bébé baba yake alipotaka malipo zaidi, mwongozaji Louis Feuillade akamleta mtoto mwingine, Bout de Zan, mambo yakaendelea. Bébé alikua, akabadili jina kuwa René Dary, na 1954 bado yumo kwenye picha kubwa ya Kifaransa ya majambazi. Little Willy je, nani hapa alishawahi kumsikia? Kuvuka bahari peke yake si dawa.

#19 Ras Kibandani
Hilo la uso hauna lafudhi limenikumbusha Lufufu. Picha ya Kihindi, ya Kichina, ya Marekani, yeye anasimulia Kiswahili juu yake, na watu walikuwa wanaulizia "ni ya Lufufu?" kabla ya kuuliza steringi nani. Pengine Alma alikosa msimuliaji.

#20 Chipsi Kavu
Nilikuwa nasoma kimya ila acha niseme yangu.

Nilipokuwa na miaka 9 niliigiza kwenye picha moja ya mtaani, sitaitaja. Nilikuwa mtoto wa marehemu, kazi yangu kulia. Nilikuwa nalia kwa amri, yaani wakisema "haya", machozi hayo. Malipo: soda, chipsi mayai, na nauli ya mama. Nikaitwa ya pili, ya tatu. Shuleni naitwa kwa jina la yule mtoto wa kwenye picha, walimu wananinyooshea kidole kwa wageni.

Nikafika kumi na nne, sauti ikapasuka, ndevu tatu kidevuni. Simu haikupigwa tena. Hakuna aliyenifukuza, hakuna aliyeniambia asante. Nilikaa mwaka mzima nikiona simu ya mama ikiita nadhani ni wao.

Sasa nyie mnasema vita, mfilisi, Marekani. Mimi nawaambia watu walimpenda mtoto, na mtoto akaondoka. Basi.

#21 Bi Mwanakombo
Pole mwanangu. Na hizo chipsi mayai umezibeba mpaka kwenye jina.

#22 Omosh 254
Pole ndugu. Lakini hesabu haikubali kwa Alma. Kura ya 1915 ana miaka 20, si mtoto. Alipita kizingiti hicho vizuri.

#23 Chipsi Kavu
Mwanamke wa miaka 20 aliyependwa kwa kuwa walimjua tangu mtoto. Si kitu kimoja?

#24 Kinyozi wa Makorora
Hapo Chipsi kanyoa mpaka kwenye mfupa.

#25 Shangazi Kazini
Mmemsahau Freddie Bartholomew. Najua ni wa baadaye, sinema ya sauti, ila ni Mwingereza na ni mtoto. Wazazi walimwacha mdogo akalelewa Warminster na dada wa baba yake, Cissie. Shangazi ndiye aliyempeleka Marekani, 1935 akacheza David Copperfield kwa kampuni ya MGM, jina likalipuka. Hela zilipoanza kuingia, baba na mama wakakumbuka kwamba wana mtoto! Kesi juu ya kesi, miaka, mawakili wakala sehemu kubwa. Mtoto anasimama mahakamani wakati anatakiwa awe kwenye kamera, anakua, mikataba inapungua.

Aliishia kuongoza vipindi vya televisheni na kazi za matangazo ya biashara, akafariki 1992. Maisha ya heshima tu. Ila shangazi apewe maua yake.

#26 Pweza Mkavu
Jina lako linatoa ushahidi wa upande mmoja, mheshimiwa hakimu.

#27 Wakili wa Mtaa
Marekani nao walijifunza kwa maumivu. Jackie Coogan, yule mtoto aliyecheza na Chaplin 1921, alipofika utu uzima akakuta mamilioni yametumiwa na mama yake na baba wa kambo. Akashtaki 1938, akaambulia 126,000 hivi. California ikatunga sheria 1939 ya kulinda pesa za watoto waigizaji.

#28 Binti Pangani
Kwa Alma hakuna kesi ya hivyo. Hilo pia linaweza kuwa sababu. Bila kashfa magazeti hayana la kurudia kila baada ya miaka kumi.

#29 Mzee wa Korogwe
Vijana, mnazungumzia sinema za kale mkaishia ng'ambo. Hapa kwetu Vugiri, 1935 hadi 1937, Wazungu waliweka kambi ya kutengeneza filamu za kuelimisha Waafrika, zaidi ya 30, zikizungushwa kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda mpaka Nyasaland. Waliocheza ni watu wetu. Aliyeanzisha uzi yupo Tanga mkoa ule ule, anauliza habari za Walton.

#30 Kinyozi wa Makorora
Shikamoo mzee. Hilo nalipokea kwa mikono miwili, fungua uzi wake tuje wote. Hapa naomba tumalizane na Alma kwanza.

#31 Mzee wa Korogwe
Marahaba. Nitafungua mjukuu wangu akirudi, mimi kubandika picha siwezi.

#32 Fundi Projekta
Kuna kitu hakijajibiwa. Elisabeth Risdon, yule wa pili wa 1915, alihamia Marekani. Akacheza jukwaani Broadway, akacheza sinema Hollywood mpaka miaka ya 1950, picha zake zipo tele. Omosh, kavuka bahari. Mimi, picha hazikuyeyushwa. Chipsi, hakuwahi kuwa mtoto wa skrini. Na bado hakuna mtu hapa aliyemtaja mpaka nilipomtaja mimi.

#33 Omosh 254
Alivuka akawa mama wa steringi na shangazi wa steringi. Chaplin alivuka akawa steringi, mwandishi, mwongozaji na mwenye kampuni. Kuvuka kuna daraja la kwanza na daraja la tatu.

#34 Shangazi Kazini
Tena mashangazi wameingiaje?

#35 Bi Mwanakombo
Nimewasoma nyote. Ila mwamwombolezea mtu ambaye hakulia. Alma aliendelea kuigiza hata baada ya Hepworth kufilisika, sehemu ndogo ndogo, hadi miaka ya hamsini yumo. Kafariki 1974. Chrissie mwenzake kaolewa na Henry Edwards, mwigizaji na mwongozaji wa pale pale Walton, kaacha sinema 1933 kwa hiari, kaishi hadi 1989. Miaka 94! Pengine alikuwa bustanini kwake anamwagilia maua na hataki kusumbuliwa na nyie.

#36 Chipsi Kavu
Bibi, aliyeacha 1933 sawa. Lakini yule aliyepata kura kuliko Chaplin, miaka 40 baadaye anasimama nyuma ya picha dakika moja. Hilo mimi nalijua linavyokaa kifuani.

#37 Bi Mwanakombo
Au alikuwa apenda kazi yake tu, mwanangu.

#38 Ras Kibandani
Nimewawekea wanangu ile ya zimamoto jioni hii. Wamerudia mara nne. Mdogo kauliza kwa nini hawasemi, mkubwa kamwambia "wanasema, wewe husikii." Kisha wakaenda kufungua bomba la nje. Mama yao ananitafuta, natumia data kwa jirani.

#39 Mwanakwetu Surrey
Jumamosi nipo mapumziko, nitaingia kwenye ule ukumbi niulize kama kuna picha yake ukutani. Yule bibi ninayemwogesha leo kaniita tena, kasema amekumbuka: mama yake alikuwa akitaja "yule Alma" kila akipita na baiskeli barabara ya mtoni. Nikamuuliza alikuwa anasema nini juu yake. Kasema, "Sijui. Nilikuwa sisikilizi."

#40 Omosh 254
Ukienda piga picha na uangalie kama jina la Chrissie lipo pia. Nina swali kuhusu nani kati yao alikuwa Tilly mwenyewe.

#41 Pweza Mkavu
Na picha ya mbwa usisahau.